Mdogo wangu, huko gari zinapita kulia

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa watu kwamba umeanza tena kukimbia. Kwa watu, si kwako. Mtoto wa shangazi ndiye aliyenionesha picha: wewe na wanawake watano, fulana za rangi moja, nyuma yenu bahari ya Mutrah, huko Omani, na wewe umesimama pembeni kama kawaida yako. Nilifurahi, wallahi. Halafu nikaitazama tena nikaona una spika za masikioni, zote mbili, na furaha ikaniishia pale pale.

Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti naona unausikiliza hujibu. Wengine wanaosoma wanisamehe. Au wasome tu, huenda na wao wana mtu wao anayekimbia.

Kwanza upande. Hapa kwetu gari zinapita kushoto, ndiyo maana tulizoea kukimbia kulia, gari ije usoni uione. Huko Omani zinapita kulia. Ukikimbia kulia kwa mazoea ya Pemba unazipa mgongo. Mguu haujui kama umevuka bahari. Basi pakiwa hapana njia ya waendao kwa miguu, kimbia kushoto, na ukitaka kuvuka anza kutazama kushoto, sio kulia kama alivyotufundisha marehemu Baba. Najua utasema Da anaanza tena. Ndiyo, naanza tena.

Halafu joto. La kaskazi letu unalijua, lakini la huko mwezi wa sita linapita digrii 40, na usiku halishuki kama mtu anavyotaraji. Mwili unataka wiki moja mpaka mbili kulizoea, kwa hiyo hao wenyeji wako wakikwambia twende mbio, waache watangulie. Na ukimwona mwenzako anayumba, anasema maneno hayana kichwa wala miguu, usimwambie ajikaze. Huyo keshashikwa na joto. Mtieni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mmoja wenu aite gari la wagonjwa. Msisubiri gari ndiyo mmpoze. Na kama hajielewi msimtie maji mdomoni kwa nguvu.

Nakwambia haya kama vile huyajui. Wewe ndiye uliyekuwa ukitembea na kile kichupa cha maji ya sukari na chumvi, nami nakucheka kwamba unakwenda kuharisha au kukimbia.

Unakumbuka tarehe 1 Januari, vikundi vya mazoezi vinavyoingia uwanja wa Gombani kwa nyimbo, mbele mtu na firimbi, nyuma mtu na kitambaa anazuia gari? Tuliwacheka pia. Tukasema sisi wawili firimbi ya nini. Tukajiwekea sheria yetu: wa mbele ndiye macho. Akiona shimo anasema "Shimo!" Akiona ng'ombe, "Ng'ombe!" Piki, "Piki!" Wa nyuma hajibu, anafuata tu. Miaka miwili, Machomane mpaka Wesha na kurudi, wazee wa barazani wanatuguna na ushungi wetu na suruali zetu, na wewe hukujikwaa hata siku moja mie nikiwa mbele. Hilo nalo likumbukwe, maana naona halikumbukwi.

Haya. Najua umesoma yote haya ukingoja nifike kwenye ile siku.

Tuligeuza Wesha jua likiwa bado liko juu kidogo. Pale pale tulipogeuza ndipo ulipolisema lile neno, kwamba mie nakimbia kwa sababu nyumbani sina anayeningoja. Ulilisema kwa kucheka. Nilikuwa nina miezi mitatu tangu nirudi kwa Mama na mabegi yangu mawili, na wewe mahari yako ilikuwa imeshapokewa. Sikukujibu. Ukatia spika masikioni ili nisipate pa kukujibia, na mie nikaongeza mwendo. Kile kilima unakijua, hakipandwi kwa hasira. Nilikipanda.

Juu walikuwa wameanika karafuu. Majamvi manne, la mwisho limetoka mpaka juu ya lami. Bibi mmoja na wajukuu zake walikuwa wameanza kuanua, wanazikusanya katikati kwa viganja, zimekauka barabara, zinalia kama changarawe. Nikalizunguka jamvi, hatua tatu barabarani, nikarudi pembeni. Piki ikanipita. Yule kijana alikuwa amekunja uso, mkono mmoja kauweka juu ya macho, jua lote la Wesha linampiga yeye. Nikajua huyu haoni. Nikajua uko nyuma yangu, si mbali, nasikia viatu vyako. Nikajua wewe hutokanyaga karafuu za mtu hata ufe, utaingia barabarani. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani kwa wakati mmoja, na lililotakiwa ni neno moja tu.

Sikulisema.

Nimejiambia mara nyingi kwamba hata ningelisema usingelisikia, ulikuwa na spika. Halafu nakumbuka ulikuwa unavaa moja tu, la kulia, la kushoto umeliacha linaning'inia kifuani. Ulikuwa hivyo siku zote. Ndiyo maana hiyo picha ya Mutrah imenikera. Nikajiambia pia kwamba ule upande tuliokuwa ndio upande wenyewe, kwamba jua ni la Mungu, kwamba mwenye jamvi asingelitandaza mpaka barabarani. Kweli tupu hizo, hakuna hata moja ya uongo. Na yule kijana alikuwa na haki ya kupunguza mwendo kama haoni mbele, au sivyo?

Lakini lililonifanya nishindwe kukusamehe, naam, mie nishindwe kukusamehe wewe, ni la hospitali. Mama kaingia anatetemeka, wewe umelala, muundi umevunjika, na kabla hajauliza ukamwambia: "Nilikuwa peke yangu, Da kesharudi nyumbani zamani." Mie nimesimama pale pale nina viatu vya kukimbia, vumbi mpaka magotini, na Mama hakutazama chini. Wewe ukanitazama. Mara moja, kisha ukageukia ukutani.

Nani aliyekuomba?

Tangu siku hiyo wewe ndiye mkaidi, unakimbia peke yako magharibi kama huna wenyewe, na mie ndiye mwenye akili. Wakwe zako walipoanza kunong'ona kuhusu binti anayezurura na njia jioni, nilikuwa nakaanga maandazi ukumbini wanasikika, na sikufungua mdomo. Ulikaa na hogo lile la mguu wiki ngapi, na kila nilipokusaidia kwenda msalani hukunitaja. Ungelinitukana ningelilala usingizi. Wewe ulinikopesha nisichokitaka, kisha ukapanda ndege.

Basi na mie nna la kukwambia, na hili sikulisoma popote. Wanasema usikimbie peke yako. Sawa, usikimbie peke yako, na mwambie mumeo unapita njia gani na unarudi saa ngapi, na tia mfukoni kikaratasi chenye namba yake. Na hiyo ramani ya mbio zako unayoipandisha kila siku, iondoe. Inaanzia mlangoni kwako, mtu yeyote anaona nyumba. Lakini pia usikimbie na mtu mliyegombana. Simameni, mkae ukingoni hapo, mtukanane mpaka muishe, ndiyo muondoke. Au rudini kwa miguu, kila mmoja upande wake. Sisi tungelirudi kwa miguu siku ile tungelifika baada ya Isha, Mama angelifoka, na yangeliishia hapo.

Mama hasomi mambo ya mitandaoni, ila wajukuu wanamsomea. Akisomewa, basi.

Viatu vyako bado viko kwangu. Kimoja walikikata kamba siku ile, nimekitia nyingine, ya rangi tofauti kidogo, sikuona duka la Chake lililokuwa nayo ile ya kijani. Kuna mtu anakuja huko Ijumaa na ana nafasi kwenye begi. Nimpe au nisimpe, niambie kabla ya Alhamisi.

Dada yako