Barua ya Malalamiko: Fomula Zilizokomea Mstari wa 1,000

Mhasibu,
Chama cha Ushirika wa Maziwa.
12 Februari 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: FAILI LA MALIPO YA WAFUGAJI KUACHA MISTARI MIPYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Oktoba mwaka jana mlitutengenezea faili la Excel la kukokotoa malipo ya maziwa. Tulikuwa wanachama 30, na tuliwaeleza wazi kwamba tunaongezeka. Januari tulifika 38, na wote walileta maziwa kila asubuhi, siku zote 31. Hiyo ni mistari 1,178, bila kuhesabu mstari wa kwanza wenye vichwa vya safu. Fomula zenu zilikomea mstari wa 1,000.

Kuanzia katikati ya orodha ya tarehe 27, lita ziliandikwa lakini malipo hayakukokotolewa, na jumla nayo iliishia mstari huohuo. Hakuna onyo lililotokea. Karani wa mapokezi asingeweza kugundua, maana safu ya malipo mliificha. Makusanyo 179 yakaachwa, nasi tukalipa hivyo hivyo.

Wa kwanza kufika ofisini alikuwa bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili, mkononi ana daftari alilochora kistari cha penseli kwa kila siku aliyoleta maziwa. Nilimbishia. Nilimwonyesha skrini nikamwambia hesabu imekamilika. Daftari lake ndilo lililokuwa sahihi. Nimekwenda kwake kumwomba radhi, lakini wenzake bado wanaulizana kama tuliwapunja na miezi ya nyuma, ingawa nimeikagua yote na haina kasoro.

Nilipowapigia simu, fundi wenu alisema nishike kona ya seli (kisanduku chenye fomula) niburute fomula hadi chini. Nitaburutaje, ikiwa laha (ukurasa wa faili) imefungwa kwa nywila mnayoijua ninyi tu? Na hata ingekuwa wazi, haki ya mfugaji haiwezi kutegemea mtu kukumbuka kuburuta kila mwezi.

Dawa imo ndani ya Excel yenyewe tangu toleo la 2007. Data ikipangwa kama jedwali (Table), ukiandika mstari mpya chini ya ule wa mwisho, jedwali hujipanua na fomula ya safu hujijaza. Jumla nayo itaje jina la safu, si F2:F1000, yaani safu ya F kuanzia mstari wa 2 hadi wa 1,000 tu. Ila jedwali halijipanui laha ikiwa imefungwa, kwa hiyo msituletee jedwali na kufuli lilelile. Bei na makato yahamishieni laha nyingine, hiyo ndiyo mfunge, na nywila mtukabidhi. Ongezeni pia hesabu ya kulinganisha idadi ya mistari yenye lita na idadi ya mistari yenye malipo, zikitofautiana tuone kabla ya kulipa.

Tunalihitaji faili hilo kabla ya tarehe 25 Februari, pamoja na barua yenye sahihi na mhuri wenu inayokiri kwamba kosa lilikuwa la faili. Nitaisoma mbele ya wanachama siku ya malipo.

Wenu,

Mhasibu