Shule zinunue chakula kwa wakulima wanaozizunguka

Mhariri,

Kila msimu wa mavuno ukikaribia, mjadala wa kilimo hurudi pale pale: mbegu bora, mbolea, ekari zilizolimwa, tani zinazotarajiwa. Sina ugomvi na mbegu bora. Ila mikoa ya wakulima haikosi watu wa kulima. Inachokosa ni mnunuzi aliye karibu, wa kudumu, anayelipa kwa wakati. Bila huyo, kila tani inayoongezeka shambani humshushia bei yule yule aliyeitolea jasho.

Tazama lori linavyoondoka kijijini baada ya mavuno. Limebeba nafaka ghafi, na bei kaipanga mwenye lori, kwa sababu anajua mkulima anadaiwa ada ya shule na pembejeo, na hana pa kuhifadhia. Wiki chache baadaye duka la kijiji hicho hicho linauza unga uliosagwa na kufungashwa mjini. Fedha ya kusaga imebaki mjini, ya kufungasha imebaki mjini, na nauli ya kwenda na kurudi imelipwa na mlaji. Hata pumba, ambazo zingelisha kuku na ng'ombe wa kijiji, hazikurudi. Mkulima kauza wakati bei iko chini kuliko wakati wote wa mwaka, na ghala lake likiisha atanunua wakati bei imepanda kuliko wakati wote.

Wengi wakiliona hili hudai kiwanda. Hapo natofautiana nao. Mashine ya kusaga inayofungwa kabla ya kupatikana mnunuzi hufanya kazi miezi miwili baada ya mavuno, kisha hukaa kimya, kwa kuwa hakuna mtaji wa kununua nafaka ya kutosha mwaka mzima wala hakuna anayesubiri unga wake. Mkopo hausubiri. Oda itangulie, mashine ifuate.

Na oda zipo tayari, tena tunazilipia sisi wenyewe kwa kodi zetu. Shule, hospitali, vyuo na magereza hupika kila siku. Wapishi wao wanajua idadi ya sahani za kesho na za mwezi ujao. Hakuna mfanyabiashara wa kijijini mwenye uhakika wa namna hiyo.

Brazili waliliona hilo wakaliandika katika sheria. Mwaka 2009 walipitisha Sheria Na. 11.947, iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha ambazo serikali kuu inapeleka kwa ajili ya chakula cha shule zitumike kununua moja kwa moja kwa wakulima wa familia. Mpango wenyewe unalisha wanafunzi wapatao milioni 40. Lakini asilimia hiyo peke yake isingefika mbali. Kilichoipa nguvu ni kwamba sheria iliruhusu ununuzi huo ufanyike bila zabuni ya kawaida, mradi bei ziendane na za soko la eneo husika na chakula kitimize masharti ya ubora. Halmashauri inatangaza hadharani inachohitaji, na wakulima au vikundi vyao wanaleta mpango wao wa kuuza.

Anayedhani hili ni jambo dogo la ofisini asome tangazo la zabuni ya chakula. Linadai dhamana ya benki, uzoefu wa miaka kadhaa, na uwezo wa mtu mmoja kuleta kila kitu kuanzia nafaka hadi mafuta ya kupikia. Mwenye ekari mbili ameshatolewa nje kabla hajafika mlangoni. Oda hiyo hiyo ikigawanywa, mboga peke yake, nafaka peke yake, mayai peke yake, vikundi vitatu vya jirani vinaweza kuitimiza.

Yapo malipo pia, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu nimeyaona. Kikundi chetu kilipeleka chakula katika shule moja. Kilipokelewa vizuri, kikapimwa, kikasainiwa, kikaliwa. Fedha zilikuja msimu mwingine ukiwa umeshaanza. Katikati ya kungoja, wanachama wengi waliuza mazao yaliyobaki kwa lori, kwa bei ya kutupa, na siwezi kuwalaumu: mtoto akiugua, ankara ya shule haimtibu. Mfanyabiashara mkubwa anaweza kudai miezi minne akaendelea kula. Mkulima hawezi. Kwa hiyo ununuzi wa karibu usioambatana na tarehe ya malipo utawarudisha watu kwa walanguzi. Sehemu ya fedha ilipwe siku ya kupokea mzigo, au ushirika uwe na mfuko wa mzunguko unaomlipa mwanachama papo hapo, kisha wenyewe ndio uisubiri taasisi.

Najua neno ushirika linawachoma wengi waliowahi kuibiwa. Dawa yake ni mzani kukaguliwa mbele ya watu na hesabu kusomwa mkutanoni, siyo kumwacha kila mkulima apambane na mwenye lori peke yake. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844 walianza na vitu vichache kama unga, siagi na sukari, wakajijengea sifa kwa kuuza bidhaa zisizochakachuliwa na kwa kumpa kila mwanachama kura moja.

Upande wetu wakulima nao una deni. Mpishi wa shule hawezi kupokea nafaka yenye ukungu kwa sababu tu imetoka jirani. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani, na kuipika hakuiondoi. Kinga ni kukausha juu ya turubai badala ya udongo, na kutofunga gunia hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo atie konzi ya nafaka na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, aitikise, aiache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, nafaka irudi juani. Baada ya hapo kuna mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, inayowaua wadudu kwa kuwakosesha oksijeni bila dawa yoyote. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno kabla ya kufika madukani. Kijiji kinachookoa hata sehemu ya hasara hiyo kimepata mavuno bila kuongeza shamba.

Wako watakaosema chakula cha karibu ni ghali kuliko cha muuzaji wa jumla. Mara nyingine ni kweli, hasa mwanzoni. Lakini bei ya muuzaji wa jumla haihesabu msagaji aliyekosa kazi, wala mzazi aliyekosa ada kwa sababu fedha ya chakula ilipita juu ya kijiji bila kutua. Wala sisemi milango ifungwe. Mvua ikigoma wilaya moja, chakula lazima kitoke kwingine, na ndiyo maana Brazili walianza na asilimia 30 badala ya 100.

Mhariri, naomba gazeti lako liziulize halmashauri maswali yanayojibika: kila shule na hospitali ilitumia fedha kiasi gani kununua chakula mwaka uliopita, nani alilipwa, chakula kilitoka wapi, na malipo yalichukua siku ngapi? Majibu yabandikwe mahali ambapo kila mtu atayasoma. Na orodha ya mahitaji ya mwaka ujao, kwa kilo na kwa mwezi, itolewe kabla ya msimu wa kupanda, wakati mkulima bado anaweza kuamua ni shamba gani alitenge kwa ajili ya shule.

Wako,
Mkulima na msomaji wa siku nyingi