YAH: PROSESA YA SPIKA ZA MONITA KUPOTEZA MIPANGILIO UMEME UNAPOKATIKA

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Prosesa ya kidijitali ya spika za monita (kifaa kinachopanga sauti kabla ya kufika kwenye amplifaya na spika) tuliyonunua kwenu, iliyofungwa kwenye chumba chetu cha kuchanganyia sauti hapa Dar es Salaam, haiaminiki tena baada ya kukosa umeme. Jibu la mafundi wenu, kwamba tununue UPS (betri ya akiba umeme unapokatika), halijagusa tatizo. UPS tunayo. Studio ikifungwa Ijumaa na kila kitu kuchomolewa, Jumatatu yanatokea yaleyale.

Umeme ukikatika sekunde chache, mashine huwaka kila kitu kikiwa mahali pake. Ukikatika saa moja au zaidi, huwaka imesahau mambo matatu: mpangilio uliokuwa ukitumika, chanzo cha saa ya sampuli (mapigo yanayoongoza kasi ya kuhesabu sauti ya kidijitali), na kiasi sauti ilichokuwa imeshushwa. Mipangilio tuliyohifadhi bado imo, ukiiita inakuja. Kwa fundi, dalili hiyo inaelekeza kwamba mambo hayo matatu yanashikiliwa kwa chaji ya kapasita badala ya kuandikwa kwenye flashi (kumbukumbu isiyohitaji umeme), na chaji ikiisha yanafutika. Kabla ya toleo jipya la programu ya ndani hali haikuwa hivi.

Chumba kimepimwa kwa pinki noizi (mvumo wa majaribio) ya −20 dBFS, yaani desibeli 20 chini ya kikomo cha kidijitali, kila spika ikitoa 79 dB pale anapokaa fundi, kidhibiti cha sauti kwenye prosesa kikiwa −18 dB. Mashine iliyosahau huamka kwenye 0 dB. Hizo ni desibeli 18 juu, yaani amplifaya inadaiwa nguvu mara 63. Koili ya twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya kushoto imeshaungua.

Mpangilio ukisahaulika, krosova ya 80 Hz (kichujio kinachogawa sauti kati ya spika na sabwufa) nayo huondoka, pamoja na ucheleweshaji wa milisekunde 3 tuliouweka kwenye spika za kushoto na kulia. Hizo 3 hazikuwekwa kwa kukisia: sabwufa iko mbali zaidi na msikilizaji kwa mita 1.03, na sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mtu akirudisha krosova kwa mkono akasahau ucheleweshaji, mawimbi ya 80 Hz hupishana nyuzi 86 hivi, na besi hupungua karibu desibeli 3 palepale spika na sabwufa zinapopokezana. Ataipandisha besi kwenye miksi kufidia, na kazi itakwenda hewani ikinguruma.

Saa ya sampuli ndiyo inayopoteza watu muda zaidi. Miksa yetu ndiyo kiongozi, kwa 48 kHz, na prosesa inapaswa kuifuata kupitia AES3 (muunganisho wa sauti ya kidijitali). Ikirudi kwenye saa yake ya ndani, kila kifaa kinahesabu kwa mwendo wake. Tofauti ya sehemu 10 tu kwa milioni inatosha kurusha sampuli moja kila sekunde 2 hivi, na mruko huo husikika kama tiki. Hapo watu huanza kubadilisha kebo, ilhali kebo ya ohmu 110 haina kosa lolote. Na kitabu chenu cha maelekezo kinasema saa ya ndani itumike wakati wote! Kwa ingizo la analogi ni sawa. Kwa ingizo la kidijitali ni kosa, maana modeli hii haina kigeuzi cha kasi ya sampuli, cha kupatanisha saa mbili tofauti.

Programu ya kompyuta ya kuendeshea prosesa inazidisha hatari. Ikiunganishwa haisomi mashine, inaonyesha faili lake yenyewe. Skrini inasema −18.0, kioo cha mashine kinasema 0.0, na cha kuaminiwa ni kioo.

Kwa sasa tunawasha hivi, na wateja wenu wengine waambiwe: amplifaya zibaki zimezimwa, iwashwe miksa kisha prosesa, mpangilio uitwe kutoka kioo cha mbele, ichaguliwe saa ya nje, na taa inayoonyesha prosesa imeshika saa hiyo isubiriwe hadi iache kupepesa. Sauti ikishahakikishwa iko −18, ndipo amplifaya ziwashwe.

Tunadai toleo la programu linaloandika mambo hayo matatu kwenye flashi na kuiamsha mashine ikiwa bubu hadi mtu aifungue. Ukurasa wa saa urekebishwe. Na twita ibadilishwe chini ya waranti, kwa kuwa imeungua kwa kosa la mashine na si la matumizi. Kama hilo la kwanza haliwezekani, turudishieni toleo la zamani na maelekezo ya kulipakia. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Tumeambatanisha risiti, faili la mipangilio, na picha moja inayoonyesha kioo na skrini vikipingana. Fundi wenu akija kukagua, aje na twita.

Wenu katika kazi,
Idara ya Ufundi wa Sauti