Yale mate mekundu

Mwanangu Neema,

Nimefika Kongwa salama, ila bado nawaza yale mate mekundu kwenye sinki la mamdogo wako. Nilikufokea kwamba hupigi mswaki. Nisamehe, mama. Kesho yake nilisimama nyuma yako nikaona unavyopitisha mswaki juu na chini ya kila chuma cha nyaya za meno yako, na damu bado inatoka.

Kabla ya kupanda basi nilipita kwa daktari wako wa meno. Jino, alinieleza, husogea kwa sababu mfupa unaliwa upande mmoja na kujengwa upande wa pili, na kazi hiyo yenyewe huja na uvimbe kidogo. Halafu pembeni ya kila chuma hujijenga utando wa bakteria unaochokoza fizi. Hayo humpata yeyote mwenye nyaya. La tatu sikuwahi kulisikia: mafuta ya mwili hayakai kimya kama mtama ghalani. Yakizidi humwaga kwenye damu kemikali zinazochochea uvimbe mwili mzima. Kwa hiyo utando uleule alionao mwenzako mwembamba, kwako uliyezidi uzito unaweza kuvimbisha fizi zaidi. Kumbe nilikulaumu bure.

Tafadhali usishinde njaa kwa ajili ya hili. Una miaka 15, mwili bado unakua. Acha soda na juisi za chupa, maana sukari inalisha bakteria na inaongeza uzito. Chipsi za kila jioni nazo zipunguze. Kula ugali wa uwele na mlenda kama ulivyokuwa ukila hapa, na ukitoka shuleni rudi kwa miguu jua likipoa.

Na usipakwepe panapotoka damu. Hapo ndipo pa kusugua, taratibu, nywele za mswaki zikielekea kwenye ufizi, kisha upitishe kibrashi chembamba chini ya waya. Ukipaacha, utando unaganda kuwa ugaga mgumu, fizi zinapanda na kufunika vyuma, na mswaki haufiki tena. Uvimbe ukizama hadi mfupani, mfupa unaolika hapo haurudi wenyewe. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumamosi nitampa kondakta kifurushi: unga wa uwele, mlenda mkavu na vibrashi viwili. Ukienda kukaza nyaya, mwombe daktari akupime fizi kwanza, kisha unipigie jioni hiyohiyo.

Mama yako