Chemko halikatwi, na spika hazikai nyuma ya waimbaji

Mhariri,

Nanunua gazeti lako kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya kurasa mbili kuhusu kumbi za dansi za Dar es Salaam ndiyo iliyonitoa kimya. Mwandishi wenu amekumbuka suruali za bugaluu, viatu vya raizoni, bia na nyama choma. Muziki wenyewe kaupa aya moja, na aya hiyo ina makosa matatu.

JUWATA na OTTU hazikuwa bendi mbili zilizoshindana. Ni bendi moja, iliyoanza 1964 kwa jina la NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi. Kila chama kilipobadilishwa jina, bendi nayo ikabadilishwa, mpaka leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Mpinzani wake alikuwa Mlimani Park, ndiyo hiyo watu wanaiita Sikinde, iliyoanzishwa 1978 na kuingia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, 1983. Pili, Msondo na Sikinde yalikuwa majina ya mitindo kabla watu hawajayageuza kuwa majina ya bendi, na yametoka kwenye ngoma za huku huku Pwani, si "lugha ya wanamuziki wa Kongo". Wakongo walikuwepo, bendi yao ya Maquis ikipiga pale ukumbi wa White House Ubungo, lakini hilo hawakutuletea wao. Kosa la tatu ndilo lililoninyima usingizi: kwamba sauti kwenye kumbi zile ilikuwa mbovu kwa sababu vyombo vilikuwa duni.

Vyombo vilikuwa vichache. Uduni ni habari nyingine. Bendi kamili ilipanda jukwaani watu 12 au zaidi: magitaa manne (solo, sekondi solo, ridhimu na besi), drams, tumba, saksafoni mbili, tarumbeta mbili, na waimbaji watatu au wanne mbele. Maiki zilikuwa tano au sita. Ukiwa na maiki sita unalazimika kutumia akili. Za waimbaji tatu, ya wapulizaji moja wakiisogelea kwa zamu, ya tumba moja, na moja ya akiba kwa sababu waya lazima ukatike siku moja. Drams hazikupewa kitu, zinasikika mpaka getini bila msaada wa mtu. Kila gitaa lilikuwa na amplifaya yake, na amplifaya haikuwekwa sakafuni. Ilipandishwa juu ya kreti mbili za bia, uso wake ukielekea sikio la mpigaji. Ikikaa chini, sauti inampiga magotini, hajisikii, anaongeza. Jirani yake naye anaongeza. Baada ya nyimbo tatu waimbaji wanapayuka na hakuna anayeshika neno. Ugomvi wote huo ulizuiwa na kreti mbili tupu.

Tena vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpigaji akihama, gitaa linabaki. Bendi ya IOSS, yaani International Orchestra Safari Sound, ilipowachukua waimbaji akina Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka kutoka Sikinde mwaka 1985, ilichukua watu, haikuchukua mitambo. Kwa hiyo fundi alikaa na amplifaya ile ile mwaka baada ya mwaka, akijua ipi inachemka ikifika saa 6 usiku na ipi inataka kupigwa kofi ubavuni. Nyuzi za besi zikififia zilichemshwa kwenye sufuria dakika kumi ili zitoe jasho na mafuta ya vidole, zikafutwa, zikaanikwa, zikarudishwa. Zilipata uhai wa wiki kadhaa. Mwandishi wenu angeuliza hayo, makala ingekuwa na kitu ndani yake.

Mwezi uliopita hoteli moja ya mjini ilitangaza usiku wa zilipendwa, kiingilio shilingi 30,000. Spika nne kubwa zilikuwa zimepangwa nyuma ya waimbaji, ili upande wa mbele ubaki wazi kwa bango la mdhamini. Mhariri, maiki ikiwa mbele ya spika inasikia sauti iliyoitoa yenyewe, inairudisha, inaitoa tena, na mluzi unaanza. Hakuna mtambo wa bei yoyote unaoponya jambo hilo. Dawa yake ni kusogeza spika hatua mbili mbele ya maiki, kona ya kushoto na kona ya kulia, zitazame wachezaji. Mluzi ulianza kwenye ubeti wa kwanza. Kijana wa mitambo hakusogeza kitu. Alipunguza maiki za waimbaji mpaka maneno yakapotea, kisha akapandisha drams, ambazo peke yake zilikuwa na maiki saba! Friji ya vinywaji ilikuwa imechomekwa kwenye waya mmoja na amplifaya za magitaa, kwa hiyo kila ilipowaka magitaa yaliunguruma kama lori kwenye mlima. Sauti ilikuwa imepimwa saa 10 jioni ukumbi ukiwa mtupu, ikaachwa hivyo hivyo, kana kwamba watu 300 hawainywi sauti. Wanainywa, tena wanaanza na ile nyembamba, ndiyo maana fundi anayejua kazi huanza usiku akiwa ameipunguza, akaipandisha pole pole mpaka saa 5. Sekondi solo hakuwepo kabisa, eti kinanda kitaziba. Nilipoonyesha kwa kidole zile spika, kijana akanijibu kwa upole, "Shikamoo mzee, hii ni dijitali."

Kinanda hakizibi. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza inakwenda taratibu: beti, kiitikio cha sauti tatu, wapulizaji wanaingia katikati, wachezaji wameshikana. Ya pili ni chemko. Waimbaji wanabaki na kibwagizo kifupi, solo anashika kipande kimoja na kukirudia, na sekondi solo anakijibu kwenye nafasi zilizoachwa, noti kwa noti, bila kumkanyaga mwenzake. Ridhimu anakaa chini yao hatikisiki. Wachezaji wanaachiana hapo. Mwondoe sekondi solo na nafasi zile zinabaki mashimo, na mtu wa mitambo asiyejua atayafukia kwa drams, kama ilivyofukiwa hotelini. Ukumbini wimbo mmoja ulikwenda dakika nane hata kumi, na nusu yake ilikuwa chemko. Usiku ule kila wimbo ulipewa dakika nne kwa sababu ya "ratiba". Watu walikuwa ndiyo kwanza wananyanyuka kwenye viti.

Na hapa niwaguse ndugu zenu wa redio, maana ugonjwa ni huo huo. Nyimbo nyingi za enzi ile zilirekodiwa Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Akikosea mmoja, wote wanaanza upya. Leo vipindi vya zilipendwa vinapiga ubeti wa kwanza, wa pili, halafu pale pale solo anapobadilisha mkono na ngoma inataka kuchemka, mtangazaji anaingia na salamu za mdhamini, anacheka peke yake, anaweka tangazo la mkopo wa bodaboda. Kisha anataja bendi isiyo yenyewe. Hii si mara moja moja. Ni kila Jumapili mchana, wali ukiwa mezani, mpaka nyumbani kwangu mtu haruhusiwi kuwasha redio bila kuniuliza.

Napendekeza faini. Kila chemko linalokatwa hewani lilipiwe kreti moja ya soda, ipelekwe kwa wazee wa bendi husika waliobaki, na kreti ikishaisha irudi ikiwa tupu kwa waandaaji wa usiku wa zilipendwa, kwa maana wanazihitaji nane: mbili chini ya kila amplifaya. Waongeze waya wa mita 30 unaotoka moja kwa moja kwenye swichi kubwa, usiopita kwenye friji. Bango la mdhamini lining'inizwe nyuma ya mpiga drams, ambako halimsumbui mtu. Mwandishi wenu naye mkimtuma tena, mnyimeni pesa ya bia na mumpe saa ya mkononi. Aje ukumbini saa 11 jioni vyombo vinapofungwa, akae upande wa sekondi solo, na ahesabu dakika za chemko kwa kalamu. Nyama choma ataikuta baadaye.

Fundi mitambo mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam