Mshahara ukiwa siri, mwanamke atalalamikia nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa malipo ya wanawake kazini. Nimewasikia wanasiasa wakigawanyika tena. Wapo wanaosema Tanzania haina tatizo hilo kwa kuwa kima cha chini cha mshahara ni kimoja kwa mwanamume na mwanamke. Wengine wanataka itungwe sheria mpya ya malipo sawa. Mimi naona wote wameliacha tatizo lenyewe pembeni, na nasema hivyo kwa yaliyonikuta hapa hapa Tabora.

Nilikuwa karani katika ghala la tumbaku kwa miaka sita. Mwaka wa tano aliletwa kijana, nikaagizwa nimfundishe kazi. Nilimfundisha mizani, daftari la mapokezi na namna ya kusoma madaraja kwenye marobota. Mwezi wake wa tatu bahasha za mishahara zilichanganywa, nikafungua ya kwake nikidhani ni yangu. Mimi nilikuwa nalipwa shilingi 280,000. Yake ilisomeka 350,000.

Nilipouliza, mkubwa wangu alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, huyu anajiandaa kuoa, ana majukumu. Halafu mshahara ni siri ya mtu." Wakati huo nilikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni na mama mzee Ipuli anayenitegemea kwa dawa. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza nina majukumu gani. Kijana mwenyewe simlaumu. Alishtuka kuliko mimi.

Sheria ilikuwapo siku ile. Ibara ya 23 ya Katiba inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake, bila ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Inakwenda mbali zaidi: mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwepo unamwangukia mwajiri. Huwezi kudai sheria nzuri kuliko hiyo.

Ila ukitaka kuitumia, unakutana na kalenda. Kwa kanuni za mwaka 2007, anayeachishwa kazi ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwenye mgogoro mwingine ana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Wa kwangu ulitokea lini? Siku kijana aliposaini mkataba, au siku nilipofungua bahasha isiyo yangu? Unaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, lakini hiyo ni kesi nyingine kabla ya kesi yako, na mwajiri unayemshtaki ana wakili. Niliogopa, nikanyamaza. Mpaka leo inaniuma.

Jambo hili limeshatikisa siasa za taifa kubwa kuliko letu. Marekani walipitisha sheria ya malipo sawa mwaka 1963, enzi za Rais John F. Kennedy. Bado mama mmoja aitwaye Lilly Ledbetter alifanya kazi ya usimamizi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, Alabama, tangu 1979 hadi 1998, na kadiri miaka ilivyokwenda akaja kulipwa pungufu ya wanaume wa cheo chake. Alikuja kujua alipoachiwa kikaratasi kisicho na jina. Alishtaki. Mwaka 2007 Mahakama Kuu Kabisa ikamkatalia kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa mshahara ulipofanywa. Yaani alalamikie jambo alilofichwa. Bunge lao lilibishana vikali, na Januari 2009 Rais Barack Obama akasaini sheria yenye jina la mama huyo: kila mshahara wenye ubaguzi unapolipwa, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Yeye mwenyewe hakufaidika nayo kwa fedha.

Sasa tazama hapa nyumbani. Mwalimu wa Tabora Wasichana na wa Tabora Wavulana, wakiwa na daraja moja, mshahara wao ni mmoja. Si kwamba Serikali ina huruma kuliko waajiri binafsi. Ni kwamba ngazi za mishahara zinatangazwa kwa waraka na kila mwalimu anaijua yake na ya mwenzake. Mbunge wa viti maalumu na mbunge wa jimbo nao wanapokea mshahara ule ule, wala hakuna anayeuliza nani kati yao ni kichwa cha familia. Kipimo hicho hicho kitumike ghalani.

Na kuna hili la "thamani sawa", ambalo wanaotetea kima cha chini hawaligusi kabisa. Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, haukuishia kwenye kazi zinazofanana. Katika ghala letu wanaume walibeba marobota na wanawake walichambua majani. Mbebaji alilipwa zaidi kwa siku, kwa maelezo kwamba kazi yake ni nzito. Sikatai uzito wake. Lakini mchambuaji anakaa chini tangu asubuhi hadi jua linapozama, vumbi la tumbaku puani, mgongo umekunjika, macho yanatenganisha rangi na ubora, jani kwa jani. Bei ya tumbaku inakwenda kwa daraja. Robota likichanganywa linashushwa daraja au linakataliwa, na hasara yake ni kubwa kuliko ya robota lililodondoka. Ujuzi ule wa macho na vidole unachukua misimu kadhaa kuupata. Aliyeamua kwamba misuli ina thamani kuliko ujuzi huo alitumia mizani gani?

Ninachoomba kwa wabunge wa mkoa wetu, wa majimbo na wa viti maalumu, ni mambo mawili. Kila mwajiri abandike kazini viwango vya malipo kwa kila aina ya kazi, bila majina ya watu, ili siri ya mtu ibaki yake na haki ionekane. Pili, siku 60 zihesabiwe tangu mfanyakazi alipojua, na kila malipo yenye ubaguzi yahesabike kuwa kosa jipya. Kwa hayo hahitajiki mtu kuandika sheria nyingine nzima.

Bajeti ya wizara inayoshughulikia kazi itakapojadiliwa Dodoma nitakuwa karibu na redio, na nitaandika jina la kila mbunge wa Tabora atakayelisemea.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora