Ndugu wageni wa Saadani, usiku ufukwe mwachieni kasa

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana tangu nirudi Saadani hili jambo limenikaa rohoni.

Mimi mtu wa Pangani, Saadani ni majirani zetu kabisa lakini nilikuwa sijawahi kuingia mbugani kama mgeni, nimezoea kupita tu na gari nikielekea Bagamoyo. Safari hii tukajichanga kikundi chetu cha kuzikana, tukakodi Hiace, tukaenda. Jamani kuzuri! Tulipanda boti mto Wami tukaona viboko na mamba na ndege wamejaa kwenye mikoko, halafu tukatembea kwa miguu na askari mwenye bunduki, anakuonyesha huyu twiga kapita hapa asubuhi, huyu kuro, kile kinyesi cha tembo ni cha jana, yaani ukiwa chini kwa miguu yako unaona vitu ambavyo kwenye gari huvioni kabisa. Na ufukweni nyayo za ngiri zimeshuka mpaka kwenye maji. Hapa kwetu Tanzania mbuga ya wanyama na ufukwe wa bahari pamoja namna hii utapata wapi?

Sasa kilichoniuma. Kesho yake alfajiri tulikwenda na mhifadhi ufukwe wa Madete, ndiko kasa, hao kobe wa baharini, wanapanda kutaga. Tukakuta alama yake mchangani, ukiitazama utadhani tairi la trekta limetoka baharini, tukafurahi tukaifuata, kumbe imepanda kidogo tu ikapinda ikarudi majini, hakuna shimo, hakuna yai. Hatua chache mbele majivu ya moto, chupa, vifuko vya nailoni. Mhifadhi akatwambia usiku kulikuwa na kundi la wageni, wamewasha moto wana spika kubwa na matochi ya simu, huyo mama kaona mwanga kaogopa kageuza. Wenzangu wote kimya.

Watu wengi hawajui na mimi nilikuwa sijui, ndiyo maana naandika. Kasa jike anakaa baharini miaka 20 hata zaidi ndipo aanze kutaga, na anarudi pwani zile zile alikozaliwa. Anafukia mayai mia na kitu, yanakaa mchangani kama miezi miwili, vitoto vikitoka usiku vinafuata kule kunakong'aa, na kunakong'aa kunatakiwa kuwe bahari. Ukiwasha taa nyuma yake unaviita nchi kavu, kaa wanavisubiri, ndege wanavisubiri, na jua likitoka vimekauka. Na hivyo vifuko serikali imeshavipiga marufuku tangu Juni 2019, sasa vinafikaje mbugani? Kasa akivimeza vinamziba tumbo anakufa.

Sisi wa Pangani tuna kisiwa chetu cha Maziwe, ni hifadhi tangu 1975. Wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje, leo maji yakijaa kinazama chote, yakitoka unaona mchanga mtupu. Kasa bado wanakwenda kutaga pale kwa sababu ndiko wanakokujua, na mayai yao lazima yahamishiwe Ushongo nchi kavu la sivyo bahari inayafunika. Kwa hiyo mtu akiniambia ufukwe uko mwingi kasa atatafuta pengine, namjibu kwetu Maziwe kushazama, hapo pengine ni wapi?

Na lami ya Tanga, Pangani mpaka Bagamoyo inajengwa, wageni wataongezeka, na mimi nataka waongezeke, waje na watoto wao waone, mbuga hii imepandishwa kuwa hifadhi ya taifa tangu 2005 na bado Watanzania wengi hawajaikanyaga. Ila nawaomba nyinyi mnaokusanya watu kwenye magrupu ya WhatsApp mwandike pale pale kwenye tangazo la safari, chini ya bei: spika hapana, moto ufukweni hapana, usiku taa zinazimwa, taka mnarudi nazo. Msingoje mtu aambiwe akishafika ameshakunywa, hatasikia.

Sisi kikundi chetu tunarudi mwakani Mungu akipenda. Tumeshakubaliana matochi yatabaki kwenye gari na yule mhifadhi tumemwomba atuamshe mapema zaidi.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Pangani, Tanga